Vidonge Vyako na Magome ya Mama

Elibariki,

Sijaanza na "mpendwa", na usilitafute hilo neno huko chini, hutalikuta. Nimekubeba mgongoni, nimekufuta kamasi kwa upindo wa gauni langu, kwa hiyo kukuita kwa jina lako tupu ni heshima ya kutosha. Barua hii nimeiacha wazi makusudi. Atakayeisoma kabla yako aisome, na akikukuta barabarani huko uliko akuulize.

Picha uliyonitumia Jumapili imefika. Niliiona nikitoka kanisani, nimesimama kwenye ngazi, akina mama wa kwaya wananisukuma wapite. Jani la isale, limefungwa fundo, limelazwa kwenye meza nyeupe karibu na dirisha, na nyuma yake kinaonekana chungu cha maua ulikolichuma. Chini umeandika: "Dada, nakuomba." Nilicheka, mdogo wangu. Nilicheka mpaka mama mmoja akaniuliza kuna habari gani njema.

Wewe unajua, ila na asiye wa mlimani Kilimanjaro ajue: kwetu mtu akikukosea vibaya anachuma jani la isale, ule mmea wa majani marefu tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya ukoo, analifunga fundo, anakuletea. Ukishaletewa huwezi kukataa kusamehe. Hata kama amekuchomea nyumba, akija na isale unamvutia kiti. Ndiyo maana umelitafuta, unajua nguvu yake. Ulichosahau ni kwamba isale hubebwa na miguu. Linapita mbele ya majirani, linavuka mfongo, ule mfereji wetu wa maji, na aliyelibeba anaonekana na wote kwamba anakuja na aibu yake mkononi. Wewe umelipiga picha ukiwa na soksi miguuni, ukarudi kunywa kahawa yako. Sijasamehe. Na sijavunja desturi yoyote, maana sijaletewa kitu.

Tuanzie mbali kidogo, kwa sababu una kipaji cha kuanzia hadithi pale panapokupendeza.

Mti wa Mama uko palepale, kwenye kona ambako mfongo unaingia kihambani kwetu, kati ya migomba na mibuni ya zamani. Jina lake sitaliandika, watu wasije wakauchuna mpaka wakauua. Ulikuwa na miaka sita au saba. Mama alikuwa anatoa ganda upande mmoja tu, kipande cha ukubwa wa kiganja, halafu anakuita wewe upake udongo kwenye kidonda cha mti, kwa sababu vidole vyako vilikuwa vidogo na vilifika kwenye nyufa. "Usiuache uchi," alikuwa akikwambia. Ulipaka kwa makini sana, umetoa ulimi nje kidogo, kama mtoto anayechora. Nilikupenda wakati ule. Sina sababu ya kukuficha.

Unawakumbuka waliokuwa wanakaa kwenye benchi la jikoni. Magoti yamevimba, vifundo vya miguu vimejaa, vidole vimekuwa kama viazi. Wanaamkia, wanaeleza, na Mama hampi mtu kikombe cha magome ya kuchemsha kabla hajala kwake. Lazima mtori kwanza, ule mchuzi mzito wa ndizi na nyama, bakuli zima, na kama nyama hakuna basi mtori wa maziwa. Wengine walilalamika kwamba wameshakula. "Umekula kwako, hujala kwangu," aliwajibu, na bakuli linakuja. Kisha dawa siku tatu. Baada ya siku tatu, wiki nzima hakuna hata funda moja. Yule mzee seremala alikuja siku ya nne anabembeleza, goti lilikuwa limeanza kukunjika vizuri, akataka kuongezewa. Mama akamwambia, "Goti lako linataka, tumbo lako halitaki, na mimi nasikiliza tumbo." Alipoondoka wewe ulijifunga jani la mgomba kichwani kama kilemba, ukamwiga Mama mbele yake mwenyewe, mkono kiunoni: "Mimi nasikiliza tumbo." Mama alicheka mpaka akakalia kinu.

Lile ndilo lilikuwa somo lote, Elibariki. Ulilishika ungali na meno ya utoto.

Wewe ni kitinda mimba, na wa kiume. Kwa desturi yetu nyumba ya Mama ni yako, na Mama mwenyewe alikuwa wako kumtunza. Mimi nilikuwa na chumba changu cha kupanga Majengo, mjini Moshi, cherehani yangu barazani, na wateja wangu wa sare za shule. Ulipopata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani ulinifuata pale Majengo, ukakaa kwenye kigoda, ukachezea vifungo kwenye kopo kama bado mtoto. Ukasema, "Dada, miaka mitatu tu. Nishikie Mama." Nikafunga chumba, nikapanda mlimani na cherehani. Hiyo mitatu yako sasa imefika kumi na moja na bado hujaimaliza.

Wala sikununa. Nilijivuna, tena nilipita kiasi. Mtu akija kushonesha suti ya kipaimara, kabla sijampima mabega nilikuwa nimeshamwambia kwamba mdogo wangu yuko maabara anatengeneza dawa ya uvimbe, dawa inayotokana na mti wetu. Kuna watu walikuwa wakiniona njiani wanabadilisha upande, wamechoka kuisikia.

Mara ya kwanza uliporudi, ulikuja na begi la chupa ndogo na daftari jeusi. Ulimkalisha Mama jikoni ukamhoji kama karani wa sensa. Kipande kikubwa kiasi gani, maji kiasi gani, yanachemka kwa muda gani. Ulipima mpaka upana wa sufuria. Mama alijibu yote, kisha akaendelea, "Halafu anakula mtori." Ukaweka kalamu chini. Nilikuwa nimesimama mlangoni, nikakuona. Nikakwambia, "Andika na mtori." Ukanijibu, "Dada, hayo ni mapishi." Nikasema, "Na zile siku za kupumzika?" Ukasema mambo ya kipimo mtayapanga wenyewe huko. Sikubishana. Wewe ndiye uliyesoma, mimi ni fundi cherehani.

Mama akakuuliza unatafuta nini hasa ndani ya huo mti, na hapo ulieleza vizuri, haki yako sikunyimi. Ulisema mwili ukiumia kuna vitu vidogo sana vinaitwa vimeng'enya, vinafanya kazi ya kutengeneza uvimbe na maumivu. Ndani ya magome kuna kitu kinachokwenda kukaa kwenye mdomo wa kimeng'enya, kikishakaa pale, kazi inasimama na uvimbe unashuka. Ulitaka ukipate hicho peke yake, bila uchungu wa magome, bila rangi, ukitengeneze upya kiwe bora zaidi.

Mama alikuwa anamenya ndizi za kupikia kiburu. Akasema, "Kwa hiyo ni kuziba mfongo."

Ulirukaruka kwa furaha. "Hasa, Mama. Ni lile tope na kipande cha mgomba mnachozibia."

Akamenya ndizi nyingine mpaka ikaisha. "Na wa chini wanakunywa nini?"

Ulicheka ukamshika bega. "Mama, huku hakuna wa chini."

Nakukumbusha kwa nini aliuliza. Katika maisha yake yote Mama hakuwahi kuziba maji kuyageuzia shambani kwake, hata kama ni siku ya zamu yake, bila kwanza kutuma mtoto ashuke kuwauliza wa chini kama wameshajaza. Ng'ombe wa watu wasikae na kiu kwa ajili ya mibuni yake. Na mtoto aliyetumwa alikuwa wewe. Ulishuka mbio kwenye ule mteremko wa utelezi, ukapiga hodi nyumba kwa nyumba, ukapanda huku unahema: "Wamesema wameshajaza, Mama, ziba." Ndipo alipoziba. Ulitumwa mara ngapi kwenye njia ile. Halafu unamwambia hakuna wa chini.

Miaka ikapita, mikono ya Mama nayo ikafuata ya wale wa benchi. Baridi yabisi. Vidole vilivimba kwenye viungo, asubuhi hawezi kushika kisu, hawezi kukamua. Magome hakuweza tena kuyaponda mwenyewe, niliyaponda mimi. Hospitali walimpa dawa, anakunywa baada ya kula, siku nyingine nafuu, siku nyingine hakuna. Alikuwa anaishi nayo. Alikuwa anaishi, Elibariki, shika hilo neno.

Krismasi ile ulipanda mlimani na wenzako wote wanaorudi Desemba. Ulikuwa na chupa nyeupe isiyo na maandishi. Ulimwekea Mama kidonge kwenye kiganja, ukasema, "Mama, huu ndio mti wako. Nimeufupisha." Kimoja kila asubuhi, kabla ya kitu chochote. Na zile za hospitali aziache.

"Kabla ya kula?" Mama aliuliza.

"Kabla ya kula. Chakula kinaichelewesha."

"Kila siku, bila kupumzika?"

"Kila siku, Mama."

Aliniangalia mimi. Nilidhani atakukatalia. Yule mama aliyewakatalia wazee wenye ndevu, nilidhani atakuletea bakuli la mtori akuulize kama umesahau. Akasema tu, "Mtoto amesoma." Akakimeza kwa maji baridi, ukamkumbatia, na sote tukashangilia. Mama alivunja sheria yake ya miaka arobaini kwa sababu wewe ndiye uliyemwomba. Mtu mwingine yeyote angemfukuza jikoni.

Nilikusindikiza mpaka getini nikakuuliza kama kuna mtu mwingine ameshavimeza. Ukasema panya wamemeza na wako salama. Nikakwambia Mama si panya. Ukakasirika kidogo, ukashusha sauti: "Dada, hii inachagua. Inaziba kimeng'enya cha uvimbe, kile cha tumboni inakiacha. Ndiyo kazi yangu miaka yote hii." Sikuelewa wakati ule. Nimekuja kuelewa baadaye, nimekaa peke yangu na cherehani, mguu ukasimama kwenye pedali. Jikoni ulimwambia Mama hakuna wa chini. Getini uliniambia mimi kwamba wapo. Ulijua.

Na vidonge vilifanya kazi, hilo nalo niliseme. Mwezi haukuisha, Mama akashika kisu. Kabla ya Kwaresima alikuwa anakamua ng'ombe mwenyewe, anaimba, maziwa yanapiga ndoo. Alitembea mpaka kwa majirani kuwaonyesha ngumi yake, anakunja, anakunjua. Ukaniagiza nimpige video. "Mikono tu, Dada. Sogea dirishani kwenye mwanga. Uso usionekane." Nilirudia mara tatu mpaka uliporidhika. Mama alivaa kitenge chake cha Pasaka kwa ajili ya mikono tu.

Kisha akaanza kuchoka. Akasema ni mfungo. Akawa anashika tumbo akidhani simwoni. Nilikupigia, nikakwambia Mama hayuko sawa, amepauka. Ulinijibu kwa maneno ambayo ningependa uyasome hapa mbele ya watu: "Ni umri. Asikatishe sasa, tutapoteza mfululizo wa matokeo." Nikamwambia asikatishe. Hakukatisha. Choo chake kilikuwa cheusi wiki mbili na hakumwambia mtu, kwa sababu alijua nikijua nitakupigia, na ukipigiwa utahangaika.

Alianguka bandani asubuhi, maziwa yakamwagika kwenye samadi. Alitapika damu. Jirani alitoa gari, tukashuka naye Moshi mpaka hospitali. Daktari wa zamu alikuwa binti mdogo, ana macho ya mtu aliyesimama tangu jana. Akaniuliza, "Mama alikuwa anatumia dawa gani?" Nikamwomba dakika moja, nikatoka kwenye korido, nikakupigia nikuulize ndani ya hivyo vidonge mna nini ili niseme sawasawa.

Ulipokea haraka. Nikakueleza, ukasema: "Usitaje vidonge. Nikijulikana nimempa mtu dawa isiyoruhusiwa nimekwisha, na dawa imekwisha, na wote ambao wangepona hawataipata tena. Sema amekunywa magome. Si uongo, Dada. Ni mti uleule."

Nikarudi ndani, nikasema, "Magome."

Binti yule aliandika "dawa za kienyeji". Niliona kalamu inavyokwenda. Mama alikuwa amelala pale, macho yamefumba, nikajipa moyo kwamba hasikii. Aligeuza uso akaangalia ukuta. Kesho yake saa nane mchana alikuwa hayupo.

Sijui kama neno moja tofauti lingemwokoa. Labda tulikuwa tumeshachelewa. Hilo mimi nitalibeba mpaka nife na sikuombi unisaidie kulibeba, maana ulimi ulikuwa wangu. Lakini wewe ndiye uliyenipa neno la kusema.

Ukaja kuzika. Miwani myeusi, sauti ya chini, ukasoma wasifu wa marehemu: aliugua ghafla. Ukapanda ndege. Ulichoacha nyuma hukukiona, kwa hiyo nikusimulie. Habari ya hospitali ilipanda mlimani haraka kuliko sisi tulivyopanda na jeneza. Eti yule mama alijimaliza kwa mitishamba yake. Wiki ya tatu, jirani wa upande wa juu alikuja na magome aliyopewa na Mama, ameyafunga kwenye gazeti. Akaniambia, "Dada, samahani, watoto wamesema nisikae nayo ndani." Akayaweka kizingitini, hakutaka hata kunipa mkononi. Kliniki, nesi anapowaonya akina mama kuhusu mitishamba anasema "kama yule mama wa hapo juu", hataji jina, na wote wananigeukia. Benchi la jikoni linalaliwa na kuku. Miaka arobaini Mama hakumuumiza mtu, halafu mtu mmoja aliyeumia ni yeye, na si kwa mkono wake, na jina lililochafuka ni lake.

Nami nikanyamaza. Mwaka mzima. Nilikulinda kama nilivyokulinda ulipovunja kioo cha kanisa kwa manati.

Sasa hiyo video. Binti wa dada yako anayenifuata mimi yuko Dar, anajua kutafuta vitu mtandaoni, akanitumia kwa furaha: "Mama mkubwa, mjomba yuko ukumbini anahutubia." Nikafungua. Koti la bluu, umependeza. Kisha nyuma yako, kwenye ukuta mkubwa, mikono ya Mama. Inakunja, inakunjua. Nililitambua lile kovu chini ya kidole gumba, la kisu cha ndizi, kabla hujafungua mdomo. Upindo wa kitenge cha Pasaka unaonekana pembeni. Watu wakapiga makofi.

Nilimwomba mtoto anitafsirie neno kwa neno. Ulisema huyo ni mama mmoja wa kijijini, mlima Kilimanjaro, ambaye ametumia mti huo wa asili miaka mingi, na mikono yake ilifunguka namna hiyo, na hakupata madhara yoyote. Ukasema dawa mliyoitoa humo iko karibu kuanza kujaribiwa kwa watu, pamoja na huku kwetu.

Mama mmoja wa kijijini.

Hebu tukae hapa kidogo, wewe na mimi, tupange vizuri uongo wako, maana umeanza kukuchanganya. Hospitali, ulinifanya niseme magome yamemuua. Ukumbini, unasema magome yamemponya na hayakumdhuru. Mikono ikifunguka ni magome, tumbo likipasuka ni magome. Vidonge vyako havikuwahi kufika kihambani, wala wewe hukuwahi kuwa na mama. Chagua uongo mmoja. Uongo wa aina mbili hauwezi kukaa kwenye kichwa kimoja.

Nilipokupigia ulisema sielewi mazingira ya huko. Siku mbili baadaye ukatuma jani.

Basi ujue nilichofanya Jumanne. Ile chupa nyeupe nilikuwa nimeificha kwenye kopo la vifungo, vidonge kumi na vinne vimebaki ndani. Niliichukua, nikashuka Moshi, nikamtafuta yule binti daktari. Bado yupo, na macho bado yamechoka. Nilimweleza yote tangu Krismasi mpaka korido. Alifunga mlango, akakaa, akageuza ile chupa mara nyingi. "Ungeniambia," alisema. Nikamjibu, "Najua." Ningependa angenifokea.

Kisha akaniuliza kama Mama alikuwa anavimeza kabla ya kula au baada. Nilimweleza na habari ya mtori. Aliandika, Elibariki. Yule binti aliandika mtori. Akanieleza kwamba kimeng'enya cha namna hiyo kina ndugu yake anayefanya kazi nyingine, anasaidia kulinda ukuta wa tumbo, na dawa ikimziba na huyo, tumbo linabaki bila kinga na linaweza kuchubuka mpaka kutoa damu. Hata dawa inayosemekana inachagua inaweza kukosea, na ndiyo maana watu hujaribiwa polepole, wameambiwa na wamekubali, wanapimwa na kuangaliwa, na likitokea baya linaandikwa siku hiyohiyo. Alikuwa anaeleza hivyo, na mimi namsikia Mama anamenya ndizi.

Maelezo mapya yameandikwa, nimetia sahihi. Chupa nimeiacha. Wanaoshughulika na usalama wa dawa watapelekewa, na wakubwa zako huko wataandikiwa. Sikukuomba ruhusa. Umepoteza mfululizo wako, pole.

Usije ukasema dada amechukia dawa, dada ni mtu wa zamani. Nisikilize kitu ambacho sijamwambia mtu. Vidole vyangu vimeanza. Tangu masika, asubuhi havikunjiki. Sindano inaniponyoka, uzi siwezi kuutunga mpaka jua lipande. Nimeiona njia hii, niliponda magome yake kwa mikono yangu kwenye kinu, najua inakoishia. Naitaka dawa yako, mpumbavu wewe. Naitaka kuliko wote waliokupigia makofi kwenye ule ukumbi. Ila naitaka na mtori wake na siku zake za kupumzika. Naitaka ikiwa imeandikwa juu, mahali pa kusomeka, kwamba mtu wa kwanza kuimeza alikuwa mwanamke wa Kichagga, mama wa aliyeitengeneza, na ilimtoa damu mpaka akafa. Hilo likiandikwa, daktari wa mtu mwingine atajua wapi pa kuangalia. Usipoliandika, kuna mtu ataanguka bandani, na dada yake atasimama kwenye korido.

Nimekukumbuka mengi nilipokuwa naandika hapa, na yote yameniuma, hata yale ya kuchekesha. Nilikaa nikakuona umetoa ulimi, unapaka udongo kwenye mti. Lakini nimekukasirikia kwa namna ambayo sikujua ninaiweza, na bado haijapungua.

Kwa hiyo isale lako. Lichume tena, hata hapo kwenye chungu chako cha dirishani, sina neno. Lifunge fundo, panda nalo ndege, shuka nalo, upande nalo mlimani mchana watu wakiwa barabarani. Usiniletee mimi kwanza. Pita kwa jirani wa juu, pita kliniki kwa yule nesi, simama umwambie kila mmoja kwa mdomo wako kwamba haikuwa magome ya Mama. Ukimaliza, njoo jikoni. Nitawafukuza kuku kwenye benchi. Nitakupa bakuli la mtori, uniambie umeshakula, na nitakujibu anavyojibu mwenye nyumba. Hapo ndipo utaniletea jani, na hapo ndipo nitajua kama mkono wangu utanyooka kulipokea.

Ila kabla ya ndege, kabla hujamwekea mtu mwingine kidonge kwenye kiganja, kuna kazi moja ambayo unaijua tangu utoto. Mama hayupo tena wa kukutuma, kwa hiyo nakutuma mimi. Shuka ukawaulize wa chini.

Kwaheri.

Ni mimi dada yako, niliyesema magome.